Lita ya Kombe la Mamba

Enos alikuja saa tatu asubuhi na habari njema, na habari njema ikiingia nyumba yenye siri haina tofauti na askari. Alipiga hodi, akakaa kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa mara ya pili, akafungua daftari lake. Enos ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye katibu wa Mamba, timu yetu ya Garsen. Timu hii haina ofisi, haina uwanja wenye nyasi, lakini historia inayo, na historia hiyo watu wa hapa watakulisha utake usitake.

"Mzee Godana," akasema, "mwaka huu ni wa arobaini tangu mlete kombe kutoka Hola. Kamati imekaa, imeamua. Jumamosi ya wiki ijayo tunafanya sherehe uwanjani. Jezi za kumbukumbu zinashonwa Malindi, kila moja na jina la mchezaji mgongoni. Kalenda yenye picha yenu iko tayari. Na kombe litakaa mezani, watu walione."

Godana ndiye aliyekuwa nahodha wa Mamba mwaka ule wa themanini na tano. Sasa ana miaka sitini na minne, goti moja halikunjiki, na ng'ombe wake wameliwa na kiangazi mpaka wamebaki saba. Aliposikia neno jezi alicheka mpaka mapengo yote yakaonekana.

"Kombe lipo. Mama Madina, hebu lete kombe."

Hawa, mkewe, alikuwa nyuma ya nyumba akisuuza mitungi. Alilileta likiwa bado linachuruzika maji, maana ndiyo kwanza alikuwa ametoka nalo sokoni. Hapa usishangae, maana sisi hatushangai. Siku ile lilipofika kutoka Hola, mama yake Godana alitaka kulijaza maziwa wachezaji wanywe, na mwenye duka mmoja akachukua kopo lake lenye muhuri wa serikali akapima mbele ya watu. Lita moja kamili. Mama mkwe alipozeeka alimwachia Hawa kazi ya kuuza maziwa, akamwachia na kombe liwe kipimo. Majagi ya plastiki ya sokoni yaligombaniwa kila siku, hili linapunja, lile linazidisha, lakini kombe la Godana halikuwa na kesi. Aliyenunua kwa Hawa alinunua na heshima ya Mamba juu yake.

Enos aligeuza kombe huku na huku. Rangi ya fedha ilikuwa imekwisha kwa kusuguliwa, shaba ikachungulia. Kitako kilikuwa kimebonyea kuingia ndani.

"Hili liliumia wapi?"

"Mafuriko yale ya kabla ya korona. Tulipohamishwa kwa trekta, kitanda kililiangukia."

"Basi nitalipeleka kwa fundi alinyooshe. Kwenye picha halitapendeza hivi."

"Lipeleke, mwalimu," Hawa akadakia. "Lipeleke leo hii."

Godana alimtazama mkewe. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka hakuruhusu hata kamati ilale na kombe hilo usiku mmoja.

"Haliendi popote," Godana akasema. "Maji yalichukua nyumba, yakachukua mbuzi, kombe likabaki na kovu. Hilo kovu ni historia. Wewe mwalimu mzima unataka kufuta historia?"

Enos akacheka, akaandika kwenye daftari.

"Lakini baba Madina, ni aibu wageni kuliona hivyo," Hawa akasema.

"Aibu gani? Aibu ni kuiba. Kubonyea kuna aibu gani?"

Hawa alirudi kwenye mitungi yake akaendelea kusuuza mtungi ambao alikuwa ameshausuuza.

&nbsp;

Sasa tuseme ukweli. Siku ya kwanza baada ya mafuriko, Hawa aliporudi sokoni na mtungi wake wa lita ishirini, alitoa vipimo ishirini na viwili vya kombe. Alidhani amekosea hesabu. Siku ya pili akahesabu kwa kokoto, moja moja, akaziweka kwenye pindo la leso. Ishirini na mbili. Kitako kilichoingia ndani kilikuwa kimekula sehemu ya lita, na sehemu hiyo ilibaki mtunguni kwake.

Mwezi ule Madina, binti yao, alikuwa anaanza chuo Hola. Hawa akajiambia ni wiki hii tu, halafu nitanunua jagi. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, Madina akamaliza chuo, akaolewa, na kombe likawa bado linapima. Miaka saba. Ubaya wa dhambi ndogo ni huo, haikuumizi vya kutosha ukaiacha. Na kila alipomaliza kupima alimmiminia mtu tone la nyongeza juu, na watu wakamsifu, Hawa ana mkono wa baraka. Nyongeza yenyewe haikufika hata nusu ya kile kilichopungua. Yeye alilijua hilo, na ndiyo sababu alimimina bila kumtazama mtu usoni.

Mteja wake mkubwa ni Tuneya, mwenye hoteli ya chai karibu na steji ya mabasi. Lita kumi kila siku, jua au mvua. Abiria wa kwenda Lamu wakisifu chai yake, Tuneya huwaambia, "Hayo ni maziwa ya kombe, ndugu zangu, si maji ya bomba." Mwaka mmoja Hawa alipolazwa na malaria, Tuneya alifunga hoteli siku mbili akakaa kitandani pake, akampepea kwa kipande cha boksi. Hawa alikuwa na homa kali, lakini hakuwa amepoteza fahamu. Alikaribia kumwambia. Akafumba macho akajifanya amelala.

&nbsp;

Jumamosi ilipofika Godana alivaa jezi yake tangu alfajiri. Ilikuwa ya kijani, GODANA mgongoni na nambari nne, na kifuani mchoro wa mamba na maneno MIAKA AROBAINI. Ilimbana tumbo. Alisimama mlangoni akaivuta huku na huku.

"Inanikaa?"

"Inakukaa."

"Mama angeniona leo, angelia."

Hawa alikuwa amejaza kibuyu maziwa freshi. Walikuwa wamekubaliana kwamba yeye ndiye atakayemimina, kama alivyomimina mama mkwe, na wachezaji wanne waliobaki hai wanywe kwa zamu. Mpango huo alikuwa ameutoa yeye mwenyewe, na Godana aliupenda sana. Hakujua kwa nini mkewe aliutaka. Kibuyu hakina alama. Unamimina mpaka kombe lijae, unaacha, hakuna anayejua kilichoingia ni kiasi gani. Hata hivyo Hawa alikiweka kibuyu chini.

"Baba Madina, nina neno."

"Niambie njiani."

"Si la njiani."

"Basi la jioni, mama. Leo usinipe mambo." Akamshika bega, jambo ambalo si kawaida yake. "Leo nina furaha."

Ungelikuwa wewe ungesema? Hawa alibeba kibuyu, Godana akabeba kombe limefungwa kwa kitambaa cheupe, wakaelekea uwanjani.

&nbsp;

Uwanja ulikuwa umefagiliwa kwa matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, na hema moja limefungwa upande wa goli. Garsen yote ilikuwepo. Wanawake wa sokoni walikaa kwenye mkeka mmoja mbele, Tuneya katikati yao na leso mpya. Wachezaji wa zamani walikaa kwenye viti vya plastiki, jezi za kijani, migongo kwa watu ili majina yaonekane. Ngumbao, aliyekuwa kipa, hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo alikuwa akiuliza kila kitu mara mbili.

Enos alimpa Godana maiki, na Godana akaipokea kama mtu aliyeisubiri miaka arobaini. Alieleza safari ya kwenda Hola juu ya lori la magunia. Alieleza bao. Alieleza mama yake na maziwa.

"Likapimwa mbele ya watu. Lita kamili. Tone halikuzidi, tone halikupungua. Na mpaka leo mke wangu anawapimia nyinyi kwa kombe hili hili." Akalifunua. Watu wakapiga makofi. "Hapa kuna mtu amewahi kupunjwa na Hawa? Kama yuko, ainue mkono."

Watu wakacheka.

"Hakuna," Tuneya akajibu kwa sauti kutoka mkekani. "Hayupo, mzee."

Hawa alikuwa amesimama kando ya meza na kibuyu chake. Alitamani ardhi ya uwanja ule immeze yeye na kibuyu pamoja. Akanyoosha mkono amimine upesi, jambo liishe, lakini Abdiwahid akatangulia kufika mezani. Abdiwahid ni mwenye duka kubwa barabarani, na ndiye aliyelipia hema, spika na nusu ya jezi. Mtu aliyelipia hema huwezi kumwambia kaa chini.

"Mama, pole, weka kibuyu," akasema kwa adabu. "Leo maziwa ni ya duka langu." Alikuwa na pakiti mbili za nusu lita mkononi, na mpiga picha tayari alikuwa amepiga goti mbele yake. "Nusu na nusu, lita. Sawa na ile ya zamani."

Hawa alisema, "Haya si ya ng'ombe wetu," lakini alisema kwa sauti ndogo, na maiki haikuwa kwake.

Abdiwahid alimimina pakiti ya kwanza. Akakata pembe ya pakiti ya pili kwa meno, akamimina huku akimtazama mpiga picha. Kombe likajaa, yeye hakuona, akaendelea. Maziwa yakafurika yakashuka kwenye kitambaa cheupe, yakatiririka ukingoni mwa meza, yakamlowesha kiatu. Uwanja mzima ukacheka. Abdiwahid naye akacheka, akainua pakiti juu, na pakiti bado ilikuwa na maziwa ndani, yakicheza.

"Nahodha," kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "kombe limepungua ama lita imekua?"

Wakacheka tena. Lakini kwenye ule mkeka wa mbele mwanamke mmoja aliacha kucheka, halafu wa pili. Hawa aliwaona. Aliona vile macho yao yalivyotoka kwenye meza yakaenda kwenye kitako cha kombe, kisha yakaja kwake. Tuneya ndiye aliyekuwa wa mwisho, alikuwa bado anatabasamu, anamwambia mwenzake jambo, mwenzake hajibu.

Godana hakupenda mzaha wa yule kijana. Alikuwa bado na maiki.

"Kombe hili halijapungua," akasema. "Pakiti ndizo zimezidi."

"Mzee, pakiti zinatoka kiwandani," Abdiwahid akasema. Naye hakupenda. "Haziwezi kuzidi. Duka langu haliuzi vitu vya kubahatisha."

"Na mke wangu naye hauzi vya kubahatisha."

"Mimi sijasema mke wako."

"Umesema. Ukisema kombe, umesema mke wangu." Godana alisogea hatua moja mbele, mzee wa watu, kwa hasira ya mtu anayejua yuko upande wa haki. Alilitwaa kombe akayamwaga yale maziwa yote chini, na watu wakaguna, maana kwetu maziwa hayamwagwi. "Leteni pakiti mbili nyingine. Nitapima mimi, mbele ya watu wote, kama ilivyopimwa siku ile. Na mtu akiona limepungua, jezi hii naivua."

Pakiti zikaletwa. Enos alijaribu kusema tuendelee na ratiba, mzee, muda unakwenda. Godana akamsukuma kwa kiwiko. Alikata pembe ya pakiti ya kwanza, akaiinua, na kabla hajamimina alimgeukia Hawa akamtikisia kichwa, kumwambia usijali, mimi nipo.

Hapo ndipo Hawa aliposhindwa. Angekuwa anamshuku, angenyamaza. Angekuwa amemtazama kwa jicho baya, angenyamaza.

"Usipime, baba Madina."

"Ngoja waone."

"Usipime. Halifiki."

Maiki Godana alikuwa ameichomeka kwenye ukosi wa jezi, ikaokota kila neno. Ngumbao akauliza, "Amesema nini?"

"Halifiki vipi?" Godana akauliza.

"Tangu mafuriko. Kwa kila mtungi wa ishirini linatoa ishirini na mbili." Hawa alikuwa anatazama maziwa yaliyomwagika chini, udongo ulikuwa umeshayanywa. "Najua tangu siku ya kwanza."

Hakuna aliyezomea. Kuzomewa kungekuwa afadhali, maana mtu akizomewa anajua pa kuweka mikono. Watu walianza kutazama simu zao, wakaanza kuita watoto wao. Godana aliweka pakiti mezani polepole, imesimama wima, isimwagike. Akampa Enos maiki. Mbele ya Garsen yote akaanza kuivua jezi, na kwa vile ilimbana, ikamnasa kichwani, akahangaika nayo mikono juu, tumbo wazi, mpaka Ngumbao akainuka kumsaidia.

&nbsp;

Nyumbani Godana alivaa kanzu yake kuukuu akakaa kwenye kigoda akitazama ua.

"Nilitaka fundi alinyooshe," Hawa akasema.

"Nakumbuka."

"Ukakataa."

"Nilikataa kwa sababu sikujua." Akamgeukia. "Nimewauliza nani amepunjwa. Kwa maiki. Nimewauliza."

"Nisamehe."

"Mimi nikusamehe nini? Mimi sinunui maziwa."

Enos alikuja jioni, safari hii alisimama mlangoni mpaka akakaribishwa, na alipokaribishwa akasema hakai. Kamati ilikuwa imeonelea kombe liwekwe kabatini shuleni, kwa usalama wake. Alisema usalama mara tatu. Hawa alimletea likiwa limeoshwa kwa majivu na ndimu, linang'aa pale lilipoweza kung'aa. Enos akalipokea kwa mikono miwili, akaaga. Jezi ya Godana alikuwa ameikunja ndani ya mfuko, akaiacha kizingitini.

&nbsp;

Kesho yake ng'ombe walikamwa kama kawaida, maana ng'ombe hawana habari na aibu ya mtu. Hawa alipitia dukani kununua jagi la lita. Abdiwahid mwenyewe alikuwa kaunta. Alimtolea jagi jipya, halafu bila kuombwa akafungua pakiti mbili, akazimimina ndani yake taratibu mpaka kwenye mstari, akamwonyesha.

"Lita," akasema.

"Nimeona."

"Nawe uwaonyeshe hivyo hivyo." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana Hawa alishindwa kuinua uso.

Sokoni walikuja wateja wachache. Kila mmoja aliinama akatazama mstari wa jagi, na kila mmoja alimwita mama badala ya mama Madina. Saa nne ilipita, steji ikapoa, na Hawa alikuwa anafikiria kurudi na maziwa nyumbani alipomwona Tuneya anakuja na sufuria yake kichwani. Aliiweka chini mbele yake.

"Kumi," Tuneya akasema.

Hawa akapima. Moja, mbili, akihesabu kwa sauti, jagi likisimama sawasawa kwenye mstari. Alipofika kumi hakuacha. Akajaza ya kumi na moja, akaimimina.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ni ya zile za nyuma, Tuneya. Nitaongeza moja kila siku. Hata miaka saba, nitaongeza."

Tuneya aliitazama sufuria. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi wa hoteli.

"Mwaka ule wa mafuriko nilikuwa na msichana pale hotelini, Kadra. Hukumjua, aliosha vyombo nyuma. Kwa lita kumi nilikuwa napata vikombe sitini vya chai. Ghafla napata hamsini na nne, hamsini na tatu. Nikahesabu wiki nzima. Wewe sikukushuku, ningekushuku vipi? Nikamwambia Kadra, unakunywa maziwa yangu. Akaapa kwa Mungu, akalia, akasema mimi tumbo langu hata halitaki maziwa. Nikamwambia mwizi huapa. Nikamfukuza mbele ya wateja, nikamnyima na mshahara wa mwezi."

Hawa alikuwa ameshika jagi tupu.

"Baadaye vikombe havikuongezeka," Tuneya akasema. "Na mimi nikaacha kuhesabu. Sikutaka kujua."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwao ni Nanighi, nasikia. Sijui. Nitamwambia nini nikimpata?"

"Hii ni ya Kadra, si yangu." Akalichukua jagi mkononi mwa Hawa, akalizamisha kwenye sufuria, akateka lita moja mpaka kwenye mstari, akairudisha mtunguni kwa Hawa bila kumwaga tone. Akalipa lita kumi, akafunika sufuria, akajitwika, akaenda zake hotelini. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke na kopo lake, na Hawa akainamisha mtungi ajaze jagi, maziwa yakapita mstari; akapunguza, yakawa chini yake; akaongeza, yakapita tena.